Neno Moja kwenye Kanda

Los Angeles, 21 Februari 1993

Mdogo wangu Alton,

Hujambo huko, na Bibi hajambo? Magoti yake yameizoea baridi ya Louisiana au bado anayatukana? Sisi wazima. Janae alishikwa na mafua wiki nzima, kamasi mpaka kwenye nyusi, lakini sasa anakimbia na anakula kila kitu, hata udongo wa chungu cha maua. Picha yako ipo palepale juu ya televisheni, ile uliyovaa kofia upande. Kila asubuhi namwinua aibusu. "Mjomba," anasema, kisha anafuta mate yake kwa kiganja. Mstaarabu kama mama yake.

Sasa kaa chini nikupe habari. Dada yako atachezwa jukwaani!

Usicheke. Alikuja kanisani Mzungu mmoja mwenye ndevu, Gideon, na kinasa sauti kikubwa kama mkate. Akasema kikundi chao kinatengeneza mchezo kuhusu zile siku za moto za mwaka jana, na hawatungi hata neno moja. Wanakwenda kwa watu weusi, Wakorea, Wamexico, hata polisi, wanachukua maneno yao kama yalivyotoka mdomoni, kikohozi na "aa" na "ee" zote, halafu waigizaji wanayakariri hivyohivyo. Dada Lavonne wa kwaya akasema, "Kama mnatafuta kikohozi, mimi ninacho cha kutosha maonyesho mawili." Kanisa zima likacheka, lakini nusu walitoka bila kuandikisha majina.

Mimi niliandikisha. Jumanne akaja nyumbani. Nikamwambia kabisa, mimi niliacha shule darasa la kumi, msije mkaaibika. Akasema, "Sema tu kama unavyosema." Alton, saa mbili nzima mtu mzima ananisikiliza na hanikatizi. Hata mama, Mungu amrehemu, hakuwahi.

Nilimwambia habari ya Bi Yoon wa duka la kona. Na wewe sikuwahi kukusimulia vizuri, maana siku mbili baada ya moto ulikuwa umeshapanda basi. Ile Alhamisi mchana alikuja mlangoni kwangu na kiatu kimoja. Mwanamke aliyekuwa ananitupia chenji kaunta kama anarushia kuku! Nikamvuta ndani nikamweka kwenye bafu, nikavuta pazia. Saa nne nzima alikaa humo. Tulikula nafaka kavu za Janae kutoka kwenye boksi, yeye ndani ya bafu, mimi juu ya choo, huku analia kwamba baba yake amelala chumba cha nyuma cha duka. Mzee alitoka mwenyewe, unajua hilo. Ngozi ya mikono ndiyo ilibaki kwenye vile vyuma vya mlango.

Waliniuliza na mambo mengine. Majina yote yatabadilishwa. Mchezo unaanza 29 Aprili, mwaka mmoja kamili. Niombee wasinipe mwigizaji mnene.

Ni mimi dada yako,
Charisse

*

Opelousas, 3 Machi 1993

Dada,

Barua yako imefika na nimemsomea Bibi kwa sauti, kwa hiyo sasa mtaa mzima wanajua. Anasema wakuchagulie mwigizaji mnene, wewe hukumbuki tu ulivyokuwa na mimba ya Janae. Ni mzima, anakula. Mimi nipo kiwandani, nabandua maganda ya kamba wa mtoni tangu asubuhi. Nikioga kwa mche mzima wa sabuni bado paka wa Bibi wananifuata. Niambie Janae ana meno mangapi.

Nimefurahi kwa ajili yako. Kweli.

Lakini dada, hayo "mambo mengine" ni yapi? Barua umeijaza mambo, mimi nimebaki na mstari huo mmoja. Dirisha la bafu lako linatazama nyuma ya duka. Huyo mtu alikuuliza kama ulichungulia? Ulimjibu nini?

Nijibu upesi. Nauliza tu.

Mdogo wako,
Alton

*

Los Angeles, 14 Machi 1993

Mdogo wangu,

Natumaini u mzima. Janae ana meno kumi na sita. Nimeandika barua hii mara tatu na mbili nimechoma kwenye sinki. Sikupigii simu kwa sababu simu ni ya jirani yake Bibi, na jirani ana masikio.

Nilichungulia, Alton. Nilikuona.

Haya, limeshatoka. Miezi kumi nalibeba. Nilipanda juu ya ukingo wa bafu nione moshi unatoka wapi, Bi Yoon amejikunja miguuni pangu, nikaona mtu mrefu ana chupa yenye kitambaa kinachowaka, na kitambaa chenyewe kilikuwa kipande cha fulana niliyokununulia mimi. Nilishuka. Bi Yoon akaniuliza, "Nani? Nani?" Nikasema moshi ni mwingi, sioni.

Sasa sikiliza kilichotokea siku ya kanda. Gideon aliniuliza, "Ulipochungulia, ulimwona nani?" Sikumjibu. Naapa kwa roho ya mama, sikufungua mdomo. Lakini macho yangu yalikwenda yenyewe kwenye picha yako. Janae alikuwa mapajani mwangu, akafuata macho yangu. Akasema, "Mjomba."

Gideon akacheka, akampa biskuti. Na mimi nikacheka, nikajua yameisha. Nilidhani watachukua maneno yangu mimi. Kumbe kazi ya watu hawa haiachi kitu! Jumanne iliyopita wameniita ukumbini nione. Anayenicheza mimi ni msichana wa Kikorea, Minhee, mwembamba kama ufagio. Ndivyo wanavyotaka, kila mtu avae maneno ya asiyefanana naye. Bi Yoon anachezwa na jitu jeusi lenye ndevu. Minhee anavaa visikilizio masikioni siku nzima ananisikia mimi mpaka anakuna shingo kama mimi. Alikuwa na karatasi zimepigwa chapa. Nikasoma na kidole changu:

"Ulimwona nani? (Kimya, sekunde kumi na moja.) Mtoto: Mjomba. (Kimya, sekunde nne.) Mama anacheka."

Minhee akaniuliza taratibu, "Dada, hapa niwe nimebeba nini moyoni? Gideon anasema ni mahali pa kupumzisha watu, wacheke. Lakini mimi kila nikisikia hizi sekunde kumi na moja mikono inaingia baridi."

Nikamwambia nilikuwa nimechoka tu.

Jina langu wamelibadilisha. Lakini mtaani nani asiyejua ni nani alimficha Bi Yoon? Na Janae ana mjomba mmoja tu duniani.

Nifanyeje?

Dada yako

*

Opelousas, 22 Machi 1993

Charisse,

Bibi mzima. Mimi siyo.

Toa hayo maneno. Nenda kesho, wala usisubiri Jumapili. Waambie wachome hiyo kanda. Unajua wanampa mtu miaka mingapi kwa moto wenye mtu ndani? Mimi najua, maana nimeuliza, nikasema ni kwa ajili ya rafiki. Aliyenijibu alinitazama sana.

Uliniona na hukusema kitu miezi kumi. Unanipigia simu Krismasi unanicheka kuhusu paka, na unajua. Sijui nikushukuru au nifanye nini. Bi Yoon alinifukuza kazi dukani kwake mbele ya foleni ya watu kwa katoni ya bia ambayo sikuiba. Huo ndio ukweli na sitaki uufanye kuwa sababu, nakuambia tu.

Jana gari la sherifu lilisimama nje ya kiwanda. Nilikaa kwenye chumba cha barafu mpaka vidole vikakataa kukunjika. Kumbe alikuja kununua kamba.

Uliniogesha mimi, ulinifunga kamba za viatu. Nifanyie na hili.

Alton

*

Los Angeles, Jumapili ya Matawi, 4 Aprili 1993

Mdogo wangu mpendwa,

Nakuandikia Janae akiwa amelala na tawi la kanisani mkononi. Tupo salama kwa sasa. Bibi mwambie asante kwa soksi.

Nimekwenda. Gideon siyo mtu mbaya, lakini ana sheria kama za Musa. Anasema ninaweza kujitoa mzima, karatasi niliyosaini inasema hivyo, mpaka siku ya kufungua. Lakini kukata neno moja katikati, hapana. "Tukikata tumeshatunga," anasema. "Kama unataka, nitakurekodi upya. Ila swali nitauliza lilelile."

Basi nimeamua kujitoa. Nitamwambia Jumamosi, baada ya onyesho la ndani ambalo tumealikwa wote tuliorekodiwa. Nataka nijisikie mara moja tu, Alton. Usinikasirikie. Mara moja nisikie kuna mwanamke mweusi wa Mtaa wa 61 alivuta pazia la bafu. Halafu naondoka na maneno yangu.

Mjini hapa watu hawapumui. Kesi ya pili ya wale polisi wanne, waliompiga mtu mweusi wakaachiwa na mji ukawaka, inakaribia kwisha, na kila mtu anasubiri hukumu. Maduka yamepigwa mbao upya, zile za mwaka jana, bado zina masizi. Foleni ya duka la bunduki ni ndefu kuliko ya mkate. Jirani yangu Bi Odom amejaza maji mpaka kwenye viatu vya mvua vya marehemu mumewe. Nikamwambia, "Mama, hayo nani atakunywa?" Akasema, "Siku ikifika utaniomba hata la kushoto." Nilicheka peke yangu jikoni, halafu helikopta ikapita juu na nikajikuta nimemlalia Janae sakafuni. Hata sikumbuki kuinama.

Vumilia mpaka Jumamosi.

Dada yako,
Charisse

*

Los Angeles, Pasaka, 11 Aprili 1993

Alton,

Salamu za Pasaka. Nitaandika haraka.

Jana nilikwenda. Tulikuwa kama arobaini kwenye viti vya chuma. Sikujua atakuja, lakini Bi Yoon alikuwa safu ya mbele yangu na baba yake. Mzee amevaa glavu nyeupe, mikono ameiweka magotini kama vitu vya mtu mwingine. Nilimsalimu, akainamisha kichwa.

Minhee alipofika kwenye maneno yangu, ee Mungu, alikuwa mimi. Mabega yangu, kucheka kwangu. Jitu lenye ndevu limejikunja kwenye bafu la mbao, linalia sauti ya Bi Yoon, watu wakacheka kidogo mwanzoni, wakaacha. Na mimi nikalia, nikasema hapa nimefanya jambo moja jema katika maisha yangu na watu wanaliona.

Halafu swali likaja. Sekunde kumi na moja ni ndefu sana ukizikaa kwenye kiti. Minhee akageuza macho pembeni, polepole, vilevile nilivyofanya, wala hakuna picha pale. Kisha akasema kwa sauti ya mtoto, "Mjomba."

Ukumbi ukacheka.

Bi Yoon hakucheka. Aligeuka nyuma akanitazama. Hakuniangalia kwa hasira. Ilikuwa kama mtu anayesoma bei. Akarudi mbele akakaa wima mpaka mwisho. Sikusubiri kumwambia Gideon kitu, nilikimbia na begi la Janae mkononi, Janae mwenyewe nikarudi kumchukua mlangoni.

Usipige simu. Usije. Usimwambie mtu.

Charisse

*

Los Angeles, 18 Aprili 1993

Mdogo wangu,

Hujaniandikia tangu Machi. Natumaini ni posta tu. Tafadhali iwe ni posta. Janae hajambo, anakuita jina lako sasa, "Atoni," na mimi namziba mdomo halafu najichukia.

Jana alfajiri hukumu ilitoka. Wawili wamepatikana na hatia, wawili wameachiwa. Tulikaa mimi na Bi Odom na viatu vyake vya maji tukisubiri mji uwake. Haukuwaka. Watu walitoka barazani kwenye jua wakiwa na nguo za kulalia, wakaangaliana, mtu akawasha mashine ya kukata majani. Nikasema asante Yesu, labda na mimi nitaponea.

Mlango ukagongwa saa nne. Bi Yoon, peke yake, na mfuko wa matunda, zile pea kubwa za kwao.

Alikaa jikoni kwangu. Hajawahi kuingia humu tangu siku ile. Aliangalia mlango wa bafuni kisha akaangalia mikono yake. Nikamenya pea kwa sababu sikujua nifanye nini kingine. Nilimenya zote.

Akasema, "Huyo mjomba. Yuko wapi?"

Na mimi, Alton, na mimi mpumbavu, nilikuwa nimejiandaa kusema sijui. Nilifanya mazoezi wiki nzima mbele ya kioo. Nikasema, "Louisiana, kwa bibi yetu."

Nisamehe. Lilitoka kama mtu anayeulizwa habari za nyumbani.

Akatikisa kichwa. Akasema, "Mrefu. Alikuwa anabeba mchele mifuko miwili mara moja." Akasema, "Ile bia, baadaye nilikuta dereva ndiye alikosea kuhesabu. Nilijua baada ya wiki moja. Sikumwita." Halafu akasogeza bakuli pembeni. Mwishoni akasema, "Mimi nikienda polisi, wewe pia utakwenda, kwa sababu ulijua. Mtoto huyu atakaa na nani? Nimefikiri usiku saba. Sijamaliza kufikiri. Lakini baba yangu hafikirii polisi. Baba yangu ana swali moja, kila siku, asubuhi nikimlisha. Yule mtu alijua kwamba yeye mzee yumo ndani, au hakujua? Basi. Siwezi kumjibu. Wewe unaweza?"

Nikasema siwezi.

"Basi muulize," akasema. "Mchezo unaanza tarehe ishirini na tisa. Mpaka siku hiyo nitakuwa ninafikiri."

Alipotoka aliacha mfuko, na mimi nina bakuli la pea zilizomenywa zinageuka rangi.

Kwa hiyo nakuuliza, na sijui kama nataka jibu. Ulifanya kazi pale miezi saba. Unajua mzee hulala mchana. Alton, ulijua?

Siku zinaisha. Niandikie hata mstari.

Dada yako anayekupenda, ujibu usijibu,
Charisse

*

Kituo cha mabasi, El Paso, 26 Aprili 1993

Dada,

Natumaini wewe na Janae wazima. Nimeacha kazi, nimemwacha Bibi na chakula cha wiki mbili na nimemwambia nakuja kuona ukichezwa. Amenipa kuku wa kukaanga na amenionya nisimguse mpaka Texas. Texas haiishi, kuku ameisha.

Barua zako zote nilizipata. Sikujibu kwa sababu kila nikianza naandika uongo.

Jibu la mzee ninalo. Siliandiki hapa. Siyo kwa kuogopa mtu atalisoma, ingawa naogopa. Ni kwamba swali ni lake, sitaki wewe ulijue kabla yake.

Basi linapumzika dakika arobaini. Kuna la kwenda magharibi na kuna la kurudi nilikotoka, yamesimama mlango kwa mlango, na tiketi ya kurudi ninayo mfukoni. Kama nikishuka Los Angeles nisipokuja moja kwa moja kwako, usinitafute. Ukinikumbatia nitabadili nia, nakujua na najijua.

Wanaita.

Mdogo wako

*

Los Angeles, 30 Aprili 1993

Mdogo wangu Alton,

Sina anwani yako nyingine, natuma hii kwa Bibi, ikukute kama ulirudi. Nimeomba uwe umerudi, na nimeomba usiwe umerudi, sijui Mungu atashika lipi.

Barua yako ya El Paso imefika asubuhi hii. Wewe hujafika. Nimehesabu saa, ulitakiwa kuwa hapa Jumanne. Kila gari likipunguza mwendo naenda dirishani.

Lazima nikuambie nilichofanya, kabla hujakisikia kwa mtu.

Jumatatu nilikuwa namwogesha Janae katika bafu lilelile. Nikamwangalia, kichwa kimejaa povu, anaimba. Nikawaza, huyu ndiye aliyemtaja. Watu watamwimbia hilo mpaka awe mkubwa: ni wewe uliyemsema mjomba wako, ulikuwa na miaka miwili. Mimi nilifunga mdomo nikaacha mtoto wa meno kumi na sita abebe. Nikiondoa maneno yangu yote Bi Yoon ameshalisikia. Nikiyaacha, kila usiku ukumbi utacheka juu ya mtoto wangu.

Jumanne nikaenda kwa Gideon. Nikasema nirekodi upya. Akaweka kile kimkate chake mezani, Janae nilimwacha kwa Bi Odom. Akauliza lilelile, "Ulipochungulia, ulimwona nani?"

Nikasema, "Nilimwona mdogo wangu. Mimi ndiye niliyemlea. Nilimwona na nikamwambia yule mama sioni."

Gideon akazima. Alikuwa mweupe zaidi ya alivyo. Akasema, "Charisse, hili siwezi kuliweka bila wewe kumwona wakili." Nikasema niliweke mimi basi, ni langu. Tukamwita wakili wa kanisa, akasema maneno mengi, niliyoelewa ni kwamba naweza kushitakiwa na kwamba yeye angekuwa mimi angenyamaza. Nikamwambia nimenyamaza mwaka mzima na ona nilipofika.

Jana mchezo ukafunguliwa. Minhee alilisema jibu langu jipya. Hakuongeza kitu. Hakuna aliyecheka, Alton, watu mia mbili na hakuna aliyekohoa, na mimi nimekaa katikati yao nimeshikilia kiti chini kwa mikono yote miwili. Bi Yoon alikuwepo na mzee. Alimtafsiria sikioni. Nilimwona mzee anageuza kichwa anatafuta kwenye viti, kiti kwa kiti, mtu mrefu.

Sijakamatwa. Leo asubuhi mtu alipiga simu akakata. Nimefunga nguo za Janae kwenye begi, na karatasi ya jinsi anavyokula, nimempa Bi Odom. Akaniambia, "Wewe, mtoto haendi popote na wewe huendi popote, kaa ule." Nimekula.

Bado nina tumaini. Usiniulize la nini. Nimeamka nalo tu.

Kama unasoma haya kwa Bibi, kaa huko. Kama husomi haya kwa Bibi, mlango haujafungwa.

Dada yako daima,
Charisse

*

Jela ya kaunti, Los Angeles, 3 Mei 1993

Dada Charisse,

Usishtuke na karatasi, ndiyo wanayotupa. Natumaini wewe na Janae wazima. Mimi sina jeraha. Ninakula. Simu hapa ni foleni, na aliye nyuma yako anakusikia mpaka pumzi, ndiyo maana naandika.

Nilifika Jumanne. Nilikaa siku tatu Inglewood kwa jamaa niliyesoma naye, nikija mpaka kona ya mtaa wako na kurudi. Ijumaa nikaenda ukumbini nikakaa nyuma kabisa karibu na mlango. Sikujua umebadilisha. Nilikuwa nimejiandaa kusikia mtoto. Nikasikia wewe. Dada, yule msichana alisema "mdogo wangu" kama unavyoniita nikiwa na homa. Nikashindwa kusimama, nikashindwa kukaa.

Watu walipotoka mimi nilibaki, na wao wawili walibaki. Nadhani walirudi ile siku ya pili kwa ajili yangu. Nilitembea mpaka mbele yao. Bi Yoon alinijua kabla sijafika, alisimama mbele ya baba yake kama ninakuja kumpiga. Nikaweka mikono mahali wanapoiona.

Nikasema nimekuja kujibu. Nikasema: nilijua analala humo mchana. Nilijua miezi saba. Siku ile sikukumbuka. Nilikumbuka chupa ikiwa hewani. Nikasimama nikaiangalia ikienda, kisha nikakimbia, na sikukimbilia mlango wa nyuma kumfungulia. Ningewahi. Hiyo ndiyo yote.

Bi Yoon akamtafsiria. Mzee akaomba nirudie. Nikarudia polepole, akiangalia mdomo wangu. Halafu akasema jambo kwa Kikorea, refu, bila kupandisha sauti, ananitazama usoni. Nikamgeukia Bi Yoon anitafsirie.

Akatikisa kichwa. Akasema, "Hapana. Hilo siwezi kukupa." Akamshika baba yake kiwiko, wakaondoka kupitia mlango wa pembeni.

Jumamosi asubuhi nilikwenda kituo cha polisi na wakili wa kanisa. Askari wa kaunta alikuwa anakula kitumbua cha sukari, akasema tukae kwenye benchi, tulikaa saa mbili. Nikafikiri mara nne kuondoka. Hakuna ambaye angenizuia. Wakili anasema kwa sababu nimekuja mwenyewe, wewe pengine watakuita kama shahidi tu. Amesema pengine. Nimemwambia alirudie hilo neno, akarudia vilevile.

Ninaogopa, dada. Naogopa sana mchana, wanapotuhesabu. Nimelala juu ya kitanda cha tatu na najaribu kuyarudisha yale maneno ya mzee, sauti zake tu, nisizisahau, mpaka nipate mtu wa kuniambia. Kuna Mkorea mmoja upande wa pili wa korido. Bado sijathubutu kumuuliza.

Wageni ni Jumamosi kuanzia saa mbili. Foleni inaanza barabarani mapema, na hakuna kivuli. Janae mvike kofia.

Mdogo wako,
Alton